Msako wa santuri za Paisley Underground uanzie kwa watu, si kwenye orodha

Mtu yeyote anayetaka kuijua Paisley Underground, wimbi la roki ya saikedelia, yaani roki ya kindoto yenye gitaa za mwangwi, lililozuka Los Angeles mwanzoni mwa miaka ya 1980, hupewa orodha ileile. Ataambiwa asikilize The Days of Wine and Roses ya The Dream Syndicate (1982), Emergency Third Rail Power Trip ya Rain Parade (1983), Sixteen Tambourines ya The Three O'Clock (1983) na All Over the Place ya The Bangles (1984). Ni albamu nne nzuri, na sina ugomvi na hata moja. Ninachokigombea ni ukimya unaofuata. Msikilizaji akishamaliza hizo nne anaaminishwa kwamba amemaliza kazi, wakati sehemu kubwa ya muziki bora wa wimbi hili hajaigusa kabisa.

Nimeyasikiliza haya mambo kwa muda mrefu wa kutosha kuwa na msimamo, na msimamo wangu ni huu: vilivyo bora zaidi vimejificha kwenye santuri fupi za nyimbo tano au sita, kwenye miradi ya pembeni iliyofanywa na marafiki, na kwenye bendi za mji mdogo wa Davis, kaskazini mwa California. Orodha haiwezi kukufikisha huko kwa sababu huhesabu albamu kamili na majina ya bendi. Inayofikisha ni kusoma majina ya watu nyuma ya kava, kisha kumfuata kila mtu alikokwenda.

Wengi wetu tunalijua jina moja tu kutoka kundi hili, The Bangles, tena kwa nyimbo ambazo hazina saikedelia hata chembe: Walk Like an Egyptian ya 1986 na Eternal Flame ya 1989. Kabla ya hapo walikuwa wasichana waliokuwa wakibanana kwenye klabu ndogo za Los Angeles pamoja na vijana wenzao walioshiba muziki wa miaka ya 1960, yaani The Byrds, Love, Buffalo Springfield, Pink Floyd ya enzi za Syd Barrett, na The Velvet Underground ya New York. Vijana hao walikuwa wamelelewa na panki. Lakini kufikia 1982 panki ya mji wao ilikuwa imegeuka kuwa kasi na ngumi, na redio kubwa zilikuwa zimehamia kwenye vinanda vya umeme. Wao walitaka gitaa zenye mwangwi, sauti za kupokezana na nyimbo zinazochukua muda wake. Jina la wimbi lenyewe alilitoa Michael Quercio, mwimbaji wa The Three O'Clock, akizungumza na gazeti la LA Weekly mwaka huo wa 1982, na tangu hapo halijabanduka.

Jina hilo liliwasaidia kwa miaka miwili hivi, kisha likawa ukuta. Waandishi walianza kubishana nani yumo na nani hayumo, na ubishi huo haujaisha hadi leo. Ukiusikiliza muziki wenyewe utaona ubishi hauna maana, kwa sababu bendi hizi hazikufanana. The Three O'Clock waliimba kwa sauti nyembamba na vinanda vyenye madoido, Green on Red walisikika kama walevi waliopotea jangwani, The Long Ryders walikuwa karibu kabisa na muziki wa country. Kilichowaunganisha ni kwamba walijuana. Waliazimana wapiga ngoma, walilala kwenye makochi ya wenzao, walitengenezeana rekodi. Steve Wynn wa The Dream Syndicate alikuwa muuzaji katika duka la santuri la Rhino, mtaa wa Westwood, na alipoanzisha lebo yake ndogo ya Down There aliitoa santuri fupi ya bendi yake, halafu mwaka huohuo akawatolea Green on Red ya kwao. Alipitia pia The Long Ryders katika siku zao za mwanzo kabisa. Ukiwa na mtu mmoja kama huyo mkononi, una bendi tatu.

Mfano bora wa kumfuata mtu ni Kendra Smith. Katika albamu ya kwanza ya The Dream Syndicate ndiye mpiga besi, na kazi yake haijapewa heshima inayostahili. Sikiliza That's What You Always Say. Kabla gitaa za Wynn na Karl Precoda hazijaanza kupasuana, besi imeshauteka wimbo, noti chache tu zinazojirudia bila papara, na kelele yote inayokuja baadaye inaegemea hapo. Wimbo wa mwisho kabla ya ule mrefu wa kufungia, Too Little, Too Late, anauimba yeye mwenyewe kwa sauti ya chini isiyomlazimisha mtu kitu, na ghafla unasikia bendi nyingine kabisa ndani ya bendi ileile. Albamu ilirekodiwa kwa usiku tatu tu, Septemba 1982, chini ya usimamizi wa Chris D. wa bendi ya The Flesh Eaters. Muda si mrefu Smith akaondoka.

Orodha za kawaida zinamwacha hapo. Yeye hakusimama. Mwaka 1984 alikuwa kwenye albamu ya Rainy Day, mradi ulioongozwa na David Roback wa Rain Parade na kuwakusanya watu wa The Dream Syndicate, Rain Parade, The Three O'Clock na The Bangles kurudia nyimbo za wakubwa wao. Susanna Hoffs wa The Bangles anaimba I'll Keep It with Mine ya Bob Dylan na I'll Be Your Mirror ya The Velvet Underground, na nathubutu kusema hajawahi kuimba vizuri kuliko hapo, hata alipofika namba moja duniani. Smith anaimba Holocaust ya Big Star, wimbo mzito ambao waimbaji wengi huuzamisha kwa kuigiza huzuni. Yeye anausema tu, kama mtu anayetoa taarifa. Watu huiweka Rainy Day pembeni kwa kuwa ni nyimbo za kurudia. Hilo ni kosa, kwa sababu hakuna rekodi nyingine inayoonyesha wazi kiasi hiki kwamba bendi hizi zilikuwa kikundi kimoja cha marafiki, na kwamba kila mmoja alijua mwenzake anaweza nini.

Kutoka hapo Smith na Roback wakaunda Clay Allison, ambayo jina lake baadaye likawa Opal. Santuri zao fupi za mwanzo zilikuja kukusanywa mwaka 1989 na lebo ya Rough Trade kwa jina la Early Recordings, na mkusanyo huo kwangu ni miongoni mwa vitu vitatu bora vilivyotoka kwenye wimbi zima. Gitaa ni za kawaida zisizo na umeme mwingi, ngoma zinagusa kwa mbali, na nyimbo kama Fell from the Sun na Harriet Brown hazina haraka ya kufika popote. Albamu kamili ya Opal, Happy Nightmare Baby, ilitoka kwenye lebo ya SST mwaka 1987 na ni mnyama tofauti, gitaa nene za kuburuza, kinanda kinachovuma chini yake, na Rocket Machine inayofungua mlango kwa mwendo wa bendi ya T. Rex. Smith aliondoka mwaka huohuo katikati ya ziara waliyokuwa wakiifanya na The Jesus and Mary Chain. Nafasi yake ikachukuliwa na msichana aliyekuwa rafiki wa bendi, Hope Sandoval, na Opal ikageuka kuwa Mazzy Star. Mamilioni ya watu wanaoupenda Fade Into You wa 1993 wanasikiliza mwendo ule ule uliozaliwa Rain Parade na kukomazwa Opal, na wengi wao hawajui kwamba kuna ghala zima nyuma yake.

Inauma kwamba Happy Nightmare Baby imekaa miaka mingi bila kutolewa upya kwa utaratibu, na anayetaka santuri yake analipa bei ya kukomolewa. Roback alifariki Februari 2020. Smith alihamia misituni kaskazini mwa California, akatoa albamu moja tu ya peke yake, Five Ways of Disappearing (lebo ya 4AD, 1995), iliyojaa kinanda cha mvukuto kinachosukumwa kwa miguu. Ni albamu ya ajabu, ya mtu asiyejali kabisa soko linataka nini. Alinyamaza zaidi ya miaka 20, hadi The Dream Syndicate waliorudi pamoja walipomwomba aimbe wimbo wa kufungia albamu yao ya 2017, How Did I Find Myself Here? Wimbo ule unaitwa Kendra's Dream, na ukiufikia baada ya kupitia njia yote hii, unakupiga vingine kabisa kuliko ukikutana nao ukiwa na orodha mkononi.

Sasa nirudi Rain Parade, kwa sababu hapa ndipo orodha inapokosea waziwazi. Emergency Third Rail Power Trip inasifiwa kwa haki. Ni albamu ya upole, gitaa zimefumwa zikavukana, Will Glenn anaingiza zeze na sitari pale tu zinapohitajika. Baada yake David Roback aliondoka, na wachambuzi wengi wakaandika kana kwamba bendi ilizikwa siku hiyo. Waliobaki, Matt Piucci, Steven Roback, Glenn na mpiga ngoma Eddie Kalwa, waliingia studio wakatoa Explosions in the Glass Palace mwaka 1984, santuri fupi ya nyimbo tano. Nasema bila kusitasita kwamba hii ndiyo rekodi bora kuliko zote za Paisley Underground.

Nieleze kwa nini. Albamu ya kwanza ilikuwa na ndoto, hii ina ndoto na hofu yake. You Are My Friend inafungua kwa furaha ya gitaa zinazolia kama kengele, lakini tayari kuna kitu kimekaza. Broken Horse inakaribia kunyamaza kabisa. Kisha inakuja No Easy Way Down, na hapo bendi inafanya kile ambacho wenzao wengi walikiigiza bila kukifikia. Gitaa inashika mstari mmoja wenye ladha ya Mashariki na kuurudia, ngoma zinatembea polepole bila kuongeza mwendo, mwangwi unajaza chumba kidogo kidogo, sauti ya mwimbaji inasikika kama imetoka chumba cha pili. Hakuna kilele cha kupiga kelele. Uzito unaongezeka kwa kurudia tu, na wimbo unapokwisha unagundua ulikuwa umebana pumzi. Waimbaji wa 1967 walikuwa na matumaini kwamba safari ingewafikisha mahali. Hawa wa 1984 walishajua wale wa kwanza waliishia wapi, na maarifa hayo yapo ndani ya muziki. Ndiyo maana nakataa kuuita wimbi hili uigaji. Mtu anayeiga hawezi kuweka ndani ya kitu anachokiiga habari ya namna kilivyokwisha.

Kwa nini basi rekodi hiyo inarukwa? Sababu ni ya kipuuzi. Ina nyimbo tano, kwa hiyo haihesabiwi kama albamu. Vitabu na majarida yanapopanga "albamu 50 bora" haiwezi kuingia. Zaidi ya hapo, zama za CD zilipofika, iliunganishwa na Emergency Third Rail Power Trip kwenye diski moja, na watu wakazoea kuisikia kama kiambatisho, nyimbo za ziada zinazokuja baada ya albamu kwisha. Ukiweza, isikilize peke yake, siku tofauti.

Tatizo la santuri fupi ni la wimbi zima. Lebo ndogo kama Frontier, iliyoanzishwa na Lisa Fancher mwaka 1980, hazikuwa na fedha za kuigharamia kila bendi changa albamu ya nyimbo 12, kwa hiyo bendi zilianza na tano au sita. Matokeo yake ni kwamba bendi nyingi zilitoa kazi yao yenye njaa zaidi kwenye santuri fupi, kabla mameneja na watayarishaji hawajaanza kuwashauri. Baroque Hoedown ya The Three O'Clock (1982) ina nguvu ambayo Sixteen Tambourines, kwa uzuri wake wote, imeshaanza kuipiga pasi. 10-5-60 ya The Long Ryders (1983) ndiyo iliyo karibu zaidi na saikedelia, maana kufikia Native Sons ya 1984, waliyomwalika Gene Clark wa The Byrds kuimba kwenye Ivory Tower, walishaamua kuwa bendi ya country yenye meno. Native Sons ni albamu nzuri mno, lakini hiyo ni habari nyingine. Vivyo hivyo Green on Red, ambao Gas Food Lodging ya 1985, Chuck Prophet akiwa ameshajiunga na gitaa lake, ni ya kusikilizwa na kila mtu, ila saikedelia iko kwenye vitu vyao vya mwanzo, pale kinanda cha Chris Cacavas kinapotawala.

Kuhusu kampuni kubwa nitasema machache, kwa sababu masimulizi ya kampuni kubwa kuharibu bendi ndogo yameshasimuliwa mno. The Three O'Clock walimaliza safari yao na Vermillion (1988) kwenye lebo ya Prince, Paisley Park, na ni albamu dhaifu, hata wimbo ambao Prince mwenyewe aliwaandikia haukuinua kitu. Rain Parade wakasaini na kampuni ya Island na kutoa Crashing Dream (1985), yenye nyimbo mbili tatu nzuri na mengine ya kujaza. Albamu hizi zimesahauliwa kwa haki, na sioni faida ya kuzifufua kwa kuwa tu ni adimu. Mtu anayesaka muziki uliopuuzwa lazima akubali kwamba mwingine ulipuuzwa kwa sababu haukuwa mzuri, la sivyo atajikuta anasifia vumbi.

Ila kuna moja ninayoitetea. Medicine Show ya The Dream Syndicate (A&M, 1984) ilitengenezwa na Sandy Pearlman, aliyejulikana kwa kazi yake na Blue Öyster Cult na The Clash. Bendi iliyorekodi albamu yake ya kwanza kwa usiku tatu ikakaa studio San Francisco karibu miezi mitano. Mashabiki wa mwanzo walikasirika, wakasema bendi imejiuza, imekuwa ya roki kubwa ya viwanjani. Mimi naisikia tofauti. Wynn alikuwa ameanza kuandika visa vya watu wabaya wa miji midogo, watu wanaochoma moto vitu na kusingizia wengine, na visa hivyo vilihitaji jukwaa pana kuliko lile la klabu. Kwenye John Coltrane Stereo Blues, karibu dakika tisa, gitaa la Precoda linapanda na kushuka juu ya mpigo mmoja wa besi usiobadilika, na hapo unasikia bendi ya miaka mitatu ikicheza kama watu waliokaa pamoja miaka 15. Kosa lake pekee ni kwamba haikufanana na ile ya kwanza. Siku hizi imeanza kupata heshima, na ninafurahi, ila bado haikai kwenye orodha ya wanaoanza.

Nimeiacha Davis hadi sasa kwa makusudi, kwa kuwa ndiko ninakotaka msomaji atumie muda wake mwingi. Davis ni mji wa chuo kikuu karibu na Sacramento, takribani kilomita 600 kutoka Los Angeles, maarufu kwa masomo ya kilimo. Hapo ndipo Steve Wynn na Kendra Smith walipokutana wakiwa wanafunzi, wakawa na bendi iitwayo The Suspects pamoja na Russ Tolman na Gavin Blair. Wynn na Smith walishuka Los Angeles wakawa The Dream Syndicate. Tolman na Blair walibaki, wakaunda True West. Kwa maneno mengine, chimbuko la wimbi hili ni moja, sehemu yake ikaenda mji wa magazeti na kamera, sehemu ikabaki mashambani. Ile iliyokwenda mjini ndiyo iliyoandikwa.

True West walianza kwa kurudia Lucifer Sam ya Pink Floyd, na mkusanyo wao Hollywood Holiday (1983) una gitaa mbili, la Tolman na la Richard McGrath, zinazosukumana bila moja kumshinda mwenzake. Tolman baadaye ndiye aliyetayarisha rekodi ya 28th Day, bendi ya vijana watatu wa Chico, iliyotoka 1985 na kumtambulisha mwimbaji Barbara Manning. Unaona jinsi uzi unavyokwenda. Bila kumfuata Tolman, 28th Day hungeikuta.

Game Theory ya Scott Miller ilianza na umaskini unaoonekana kwa macho. Albamu yao ya kwanza, Blaze of Glory (1982), ilikosa fedha za kava, ikauzwa ndani ya mifuko ya plastiki ya takataka yenye karatasi zilizotolewa kopi na kubandikwa juu. Santuri yao fupi Distortion (1984) ilitayarishwa na Michael Quercio, yule yule aliyelipa wimbi jina lake, na baadaye Quercio aliingia kwenye bendi yenyewe. Kwa hiyo anayebisha kwamba Game Theory hawahusiki na Paisley Underground ajibu kwanza swali la Quercio alikuwa akitafuta nini mle. Mwaka 1987 walitoa Lolita Nation, santuri mbili zenye vipande 27, ikiwa imetayarishwa na Mitch Easter aliyefanya kazi na R.E.M. Ndani yake kuna nyimbo tamu za dakika tatu, na katikati yake vipande vifupi vya sauti zilizokatwakatwa, nyingine zikinukuu nyimbo za zamani za bendi hiyohiyo. Inachosha mara ya kwanza, nakiri wazi kwamba si ya kusikiliza ukiwa unafanya jambo jingine. Lakini Miller alikuwa mtunzi wa kiwango ambacho Los Angeles nzima haikuwa nacho, na albamu hiyo ilikaa miongo bila kupatikana dukani. Alifariki Aprili 2013 akiwa na miaka 53. Lebo ya Omnivore ilianza kuzitoa upya kazi za Game Theory mwaka uliofuata, na Lolita Nation ikafikiwa 2016. Hakuwahi kuona siku ambayo mtu yeyote angeweza kuingia mtandaoni na kuinunua kwa urahisi.

Kisha kuna Thin White Rope. Hawa walichelewa, albamu yao ya kwanza Exploring the Axis ilitoka 1985 wakati magazeti yameshachoka na jina la Paisley, na hilo ndilo lililowaponza. Guy Kyser aliimba kwa sauti ya kukwaruza kama mtu aliyemeza mchanga, na nyimbo zake zimejaa jangwa, wadudu, joto na watu wanaoongea peke yao. Yeye na Roger Kunkel walipiga gitaa kwa namna ambayo sijaisikia kwingine. Moja inashika mlio mrefu unaotetemeka na kujirudia kupitia spika, nyingine inachonga mstari mkali juu yake, na zote mbili hazina haraka. Moonhead (1987) ndiyo nzito kuliko zote. In the Spanish Cave (1988) ina nyimbo bora zaidi, hasa Red Sun. Sack Full of Silver (1990) ina Yoo Doo Right ya bendi ya Can ya Ujerumani, wakaibana kutoka upande mzima wa santuri hadi dakika chache bila kuipotezea roho. Ulaya iliwapenda kuliko kwao, kama ilivyowapenda wengi wa wimbi hili. Uingereza ilikuwa na lebo ya Zippo iliyokuwa ikizitoa rekodi za Rain Parade, True West na Green on Red wakati Marekani zilikuwa zinakosa nafasi hata kwenye rafu.

Kurudi pamoja kwa bendi hizi siku hizi kumesaidia, na pia kumeimarisha ukuta. Desemba 2013 The Bangles, The Three O'Clock, The Dream Syndicate na Rain Parade walipanda jukwaa moja, San Francisco kisha Los Angeles. Mwaka 2018 bendi hizo nne zilitoa 3 x 4, kila moja ikiimba wimbo mmoja wa kila mwenzake, jumla 12. Ni rekodi ya upendo mtupu. The Dream Syndicate walichagua You Are My Friend kutoka Explosions in the Glass Palace, nami naichukua kama ushahidi kwamba wanamuziki wenyewe wanajua rekodi ipi ilikuwa ipi. Lakini ni bendi nne tena, zilezile nne. Hakuna mtu wa Davis, isipokuwa kwa kupitia kwa Wynn. Rain Parade wamerudi na albamu mpya kabisa, Last Rays of a Dying Sun (2023), The Days of Wine and Roses imepewa sanduku zima la kuadhimisha miaka 40, na kila andiko linaloyasherehekea hayo linarudia orodha ya mwanzo.

Kwa hiyo kama unaanza leo, pendekezo langu ni kuingia kwa mlango wa nyuma. Anza na Explosions in the Glass Palace, uisikilize hadi No Easy Way Down ikukae. Mfuate Smith kupitia Rainy Day na Early Recordings. Rudi kwa Wynn kwenye Medicine Show. Halafu panda Davis. Lolita Nation isubiri hadi uwe na jioni nzima ya kukaa nayo, lakini Thin White Rope usiwasubirishe, na usianze na albamu zao za studio. Mwaka 1992, wakiwa wameshaamua kuachana, walirekodiwa jukwaani Ghent, Ubelgiji, na rekodi hiyo ikatoka kwa jina la The One That Got Away. Ni bendi iliyojua kwamba haina tena cha kumthibitishia mtu, inapiga kila wimbo kwa nguvu zake zote mbele ya watu wa nchi nyingine wanaoyajua maneno. Ukishaisikia hiyo, utaelewa kwa nini nakasirika kila ninapoiona ile orodha ya albamu nne.